Kuhama: Itajadiliwa

Kwanza tulisikia magurudumu. Krr, krr, krr, juu ya ile saruji nyembamba iliyopita kando ya msikiti, kisha kimya, pale saruji ilipoishia mchangani, tukajua kwamba sasa analivuta sanduku kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mimi na dadangu Hibo tulikuwa bado ndani ya neti ya mbu, asubuhi ya mwisho wa Juni. Hatukuwa tumemwona mtu, lakini tulijua. Aabo, baba yetu, alikuwa amefika.

Sisi tuliosoma shule ya msingi Garissa kabla lami haijafika Modogashe hatukuwa na vitu vingi, ila tulikuwa na misimu. Kulikuwa na msimu wa Tana kujaa na viboko kupanda usiku kula migomba ya watu. Kulikuwa na msimu wa upepo wa Julai, uliotuletea mchanga mpaka kwenye anjera, mtu akatafuna kifungua kinywa akasikia meno yakilia. Tulicheza kati kwa mpira wa soksi hadi mwito wa magharibi, tukakimbilia chuoni na mbao zetu za Kurani zikiwa bado mbichi kwa wino wa makaa, na anayechelewa alijieleza mwenyewe kwa maalim na fimbo yake. Kwa watoto wengi wa mtaa wetu misimu iliishia hapo. Nyumbani kwetu kulikuwa na mmoja zaidi: msimu wa baba.

Aabo alikuwa mwalimu wa hisabati nchini Oman. Alikwenda nikiwa darasa la kwanza. Mwaka wao wa shule ulianza Septemba na kuisha Juni, joto linapokuwa kali hata kuku hawatagi, kwa maneno yake. Walimu wenzake kutoka kila pembe ya dunia walikuwa wakipanga likizo za kiangazi kwenye milima yenye theluji, na yeye akipanga kuja Garissa. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akishuka kwenye basi mjini kwetu na kusema, "Mashallah, baridi nzuri." Dakane mwenye duka, ambaye alipenda kumwonyesha mwalimu Kiswahili chake, alimwambia, "Wewe mwalimu iko kama basi ya Wajir. Nakuja, nabiga honi, nabotea."

Kabla ya kuja alitutumia ratiba. Hooyo, mama yetu, alitupa shilingi za kutosha, tukaenda kwenye saiba, kile chumba cha mtandao karibu na posta, kijana wa pale akatuchapishia karatasi mbili zenye joto. Baba yetu alipanga likizo kama anavyopanga kipindi: Tarehe, Shughuli, Lengo, Vifaa, Maoni. "Jumatano: kunyoa. Lengo: unadhifu." "Jumamosi: kuwapeleka watoto darajani. Lengo: kuwajua tena. Vifaa: tikiti maji moja." "Agosti, shule zao zikifungwa: safari ya Habaswein kwa mama. Vifaa: sukari, majani ya chai, dawa ya macho." Hooyo alisoma kila mstari akicheka, hata ule ulioandikwa, "Alhamisi: kuzungumza na mama watoto," ambao kwenye nafasi ya lengo haukuwa na kitu.

Halafu kulikuwa na mstari wa mwisho. Ulikuwepo mwaka wa kwanza, ukawepo wa pili, wa tatu na wa nne. "Kuhama kwa familia yote kwenda Oman: itajadiliwa."

Sijui kama mnaelewa neno hilo linaweza kumfanya nini mtoto. Mimi niliacha kukaa. Mwili ulikuwa darasani na mimi nilikuwa njiani. Wenzangu walipofunika vitabu kwa karatasi za kaki, vyangu niliviacha uchi, kwa kuwa vitabu vya shule huwezi kupanda navyo ndege. Mwalimu wetu wa darasa, Bi Mwende kutoka Ukambani, alinichagua niwe kiranja. Nikasimama nikamwambia, "Mwalimu, asante, lakini sisi tunahama." Akamchagua Fardosa. Niliwaaga marafiki zangu kwa machozi darasa la tatu. Nikawaaga tena darasa la nne. Darasa la tano, nilipoanza kuaga, Fardosa alikunja mikono akasema, "Wewe Omani, mwaka juzi ulituaga. Mwaka jana ulituaga. Rudisha ile bangili niliyokupa ya kwaheri." Nikairudisha. Tangu hapo jina langu likawa Omani, na kila muhula ukifunguliwa nilikutana nao getini, safu nzima, wakiniuliza kwa upole wa kuumiza, "Kumbe bado uko?"

Na Aabo mwenyewe hakuwa akitulia. Wiki ya kwanza alilala. Ya pili alitengeneza kila kilicholegea nyumbani, mpaka akaanza kulegeza vilivyokaza ili avikaze tena. Ya tatu alisimama uani mikono nyuma, akitazama korongo wakubwa waliokaa juu ya miti kama wazee wenye kesi, na ukimwuliza anatazama nini anasema, "Hakuna." Nilidhani anapanga kutuhamisha. Nilikaa karibu naye nisipitwe na siku atakayosema.

Mwaka wa tano nilikuwa darasa la sita, na Agosti tulikwenda Habaswein kama ratiba ilivyotaka. Ayeeyo, mama yake Aabo, alikaa nje ya mji pamoja na ngamia wake, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kituo cha basi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho ingawa aliyadaia dawa kila mwaka, na maziwa yake yalinukia moshi wa kibuyu kwa namna ambayo sijaipata tena mahali popote. Watoto wa siku hizi wanakunywa maziwa ya pakiti yenye picha ya ng'ombe anayecheka. Ngamia wa Ayeeyo hawakucheka na mtu.

Sasa, kwa wafugaji wa kule hakuna familia iliyohama kwa kubahatisha. Nyasi zikiisha, huchaguliwa mtu wa kutangulia. Anaitwa sahan. Huenda peke yake, siku tatu, siku saba, akatafuta mvua iliponyesha, kisha hurudi kusema alichokiona, na kwa neno lake kundi zima huinuka au hukaa. Akirudi hapigiwi kelele. Anakalishwa, anapewa maziwa, anamaliza, ndipo anaulizwa. Na mtu huyu hadanganyi. Ayeeyo alituambia kwamba alimjua mwanamume aliyedanganya mara moja kuhusu kisima, na hakuna aliyemtuma tena hata kuchukua kuni.

Asubuhi ya pili, jua likiwa bado dogo, Ayeeyo alimkalisha Aabo juu ya mkeka akampa maziwa. Hooyo alikuwa pembeni akichambua mchele. Mimi na Hibo tulikuwa nyuma ya akal, kile kibanda cha mikeka, tukisikia kila kitu kama watoto wote waliokatazwa kusikia. Aabo alikunywa akafuta mdomo. Akaona mama yake hajaondoka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi lete habari. Nilikutuma miaka mitano iliyopita."

Aabo akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

"Maji?" Ayeeyo aliuliza.

"Yako mengi. Yanatoka ukutani."

"Malisho?"

"Mazuri."

"Watu wa pale?"

"Wana heshima. Wananiita ustadhi."

"Magonjwa?"

"Ni upweke tu," alisema, akijaribu tena kutania.

"Huo ni ugonjwa. Haya, kundi zima litatosha?"

Mchele wa Hooyo ulikuwa ukipita kwenye ungo, shuu, shuu. Ukasimama. Hibo alinishika kidole akakibana. Nilikuwa tayari kuinuka. Nawaambia kweli, nilikuwa nimeshachagua nguo ya kuvaa kwenye ndege.

"Hapana," alisema Aabo. "Mkataba wangu ni wa mtu mmoja. Naishi chumba kimoja na walimu watatu. Hawaruhusu familia."

"Ulilijua lini?"

"Mwaka wa kwanza."

Ayeeyo hakupandisha sauti. "Na kwa nini hukurudi kusema?"

"Ningesema nini, mama? Niliona ni afadhali wawe na kitu cha kungojea."

"Wewe si sahan, basi," alisema Ayeeyo, akichukua kikombe mkononi mwake. "Umehama wewe. Umehama bila kutuambia, na umewaacha watu hawa wamefunga mizigo."

Kisha akaenda kwa ngamia wake, maana ndama walikuwa wakilia. Hooyo akarudi kwenye mchele. Aliposema, hakumtazama mumewe.

"Mzigo wangu ulikuwa tayari mwaka ule wa kwanza. Vyombo vyote vya harusi viko kwenye gunia. Watoto wanakula kwenye sahani za plastiki, Mwalimu, kwa sababu nzuri ziko kwenye gunia."

Hakuwahi kumwita Mwalimu. Ni watu wa nje waliomwita hivyo.

Tuliporudi Garissa zilibaki siku kumi na mbili kabla ya Aabo kuondoka. Hooyo aliingia chumbani akafungua lile gunia, akaosha sahani moja moja uani, na siku hiyo tulikula wali kwenye sahani zenye maua ambazo nilikuwa nimesahau kwamba tunazo. Aabo alikula bila kuinua macho. Kesho yake alivaa shati la kwenda kazini akazunguka shule za mjini akiuliza nafasi. Aliambiwa huku arudi Januari, kule aache namba ya simu. Nilimfuata kwa mbali siku moja mpaka sokoni. Alikuwa anatembea upesi, kama mtu aliyechelewa, halafu akifika kwenye njia panda anasimama. Tulikuwa na swali moja tu katika nyumba nzima, nalo hakuna aliyelitamka: anabaki au anakwenda?

Dukani kwa Dakane nilikutana na Fardosa ametumwa sukari. "Omani," alisema, "safari ni lini?"

"Siendi," nikasema. "Hakuna safari."

Alinitazama akitafuta mzaha. Hakuupata. Akanivuta pembeni akaniuliza kama nina karatasi za kaki, kwa kuwa kwao zimebaki, na kama nataka atanisaidia kufunika vitabu kabla shule hazijafunguliwa. Tulifunika vyote jioni hiyo. Mikono yangu haikuzoea, pembe zilitoka vibaya.

Siku hizi binti ya Hibo, ana miaka saba, anazungumza kila siku na baba yake aliye Doha. Anamwonyesha jino lililong'oka, anamwonyesha paka, anamkatia simu katuni zikianza. Namtazama na kumwonea wivu, kisha namhurumia, kisha sijui. Hajui kuchapishiwa baba kwenye karatasi mbili zenye joto. Ukimwambia tulingoja miezi kumi kumwona mtu anauliza kama mtandao ulikuwa umekatika. Lami imefika, basi linakwenda Wajir bila kukwama, na watu wanaondoka wepesi kuliko zamani. Aabo naye alirudi moja kwa moja, mkataba ulipoisha. Anafundisha tuisheni barazani, na kila Julai upepo ukianza anainuka katikati ya hesabu ya mtoto wa watu akatazama barabara. Mimi pia niko hivyo. Nimekaa miji minne, na katika kila mmoja sahani zangu ni chache.

Aabo alipoondoka mwaka ule wa tano ilikuwa saa tatu asubuhi. Desturi yetu ilikuwa kumsindikiza wote hadi kituoni, tukasimama mpaka basi livuke daraja, kisha turudi nyumbani tusiguse chochote alichokiacha. Safari hii alituita mimi na Hibo, akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana.

"Naenda," alisema. "Ni miaka miwili. Siwachukui. Sitawachukua."

Alikuwa amenipa ahadi nyingi maishani, na hakuna hata moja niliyoishika kwa nguvu kama kukataa kule. Nilimwuliza kama atakuja Juni. Akasema atakuja inshallah, na kwamba akishindwa atasema ameshindwa. Hibo alilia. Mimi nilitaka kulia, nikajikuta nafikiria muhula wa tatu, na kwamba Bi Mwende huchagua viranja upya.

Aabo akasimama akamtazama Hooyo. "Mnakuja kituoni?"

"Leo hapana," alisema Hooyo. "Watoto wana chuo, na mimi nina nguo za kufua. Safiri salama, baba Hibo."

Aabo akashika sanduku. Hooyo akamnyooshea kitambaa alichosahau kitini, akakipokea, akatoka. Miaka yote, tukirudi kutoka kituoni, tulizoea kuuacha mlango wazi mpaka vumbi la njia litulie. Hooyo aliushika kwa mikono miwili, taratibu, akaufunga.