Nilivyouza online usiku wa hoteli wa mke wangu, mwaka wa El Nino

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo nangoja zenu.

Naona humu siku hizi mnauziana pointi za hoteli na tiketi za ndege, kila mtu anajiona amezaliwa na akili ya biashara. Mimi niliyafanya hayo wengine wenu hamjaanza kutambaa. Na nikaaibika kabla yenu pia.

Nitakayoyasema ni kweli tupu. Shahidi yuko hapa nyuma yangu anapara samaki, nikitia chumvi atanisahihisha na kisu mkononi.

Maandishi mnivumilie. Shule niliiacha darasa la tatu na ninaandika kwa kidole kimoja.

Basi. Mimi ni mtu wa Msambweni, na miaka ile ya tisini nilikuwa dobi wa hoteli moja Diani. Shuka, taulo, suruali za wageni.

Palikuwa na mgeni mmoja Mjerumani, Bwana Heinz, mzee, kila mwaka lazima aje na kila akija lazima ajimwagie dafu kwenye suruali nyeupe. Doa la dafu wakuu msilichezee. Likikauka linageuka kahawia na halitoki hata kwa maombi. Mimi nilikuwa nikilitoa kwa ndimu na chumvi, nguo ingali mbichi. Wenzangu walikuwa wanapiga dawa mpaka suruali inatoboka, halafu wanalaumu nondo. Lakini hayo si ya leo.

Hoteli ilikuwa ikiwapa pointi wageni wanaorudi. Pointi zikijaa, unalala bure. Mwaka huo daktari akamkataza Bwana Heinz kupanda ndege tena. Akamwandikia meneja barua: pointi zangu mpeni yule dobi wa suruali.

Nikapewa vocha. Siku mbili, watu wawili, kula na kulala.

Sasa mke wangu, Mama Riziki, kwa miaka kumi na moja alikuwa akiniuliza swali moja tu: "Baba Riziki, hivyo vyumba vyenye hizo shuka vikoje ndani?" Dobi hafiki vyumbani, shuka ndizo zinazomfuata.

Nilipomwambia ni siku mbili, alisuka nywele, akanunua doti mpya ya leso, akawaaga majirani kama anayekwenda Makka.

Hapo ndipo shetani alipopitia risepsheni.

Risepsheni alikuwako kijana wa Machakos, Musyoka, anaijua kompyuta. Akaniambia, "Mzee, one night si inatosha? Hiyo ya pili tuiuze kwa internet. Kuna mahali watu wa Nairobi wanauziana vitu huko."

Nikayakumbuka mabati ya jikoni yanayovuja. Nikasema uza.

Haikupita wiki, mhandisi mmoja wa Nairobi akanunua. Atakuja kwa ndege mpaka kiwanja cha Ukunda, achukue chumba jioni ya siku ya pili. Pesa nikapokea, mabati nikayachagua kwa macho.

Mama Riziki sikumwambia. Nilipanga kumwambia asubuhi baada ya chai, maana mtu aliyeshiba hupokea habari vizuri. Msinicheke, wengine wenu mnafanya makubwa kuliko hayo.

Tukaingia chumbani. Akazima taa, akawasha taa, akazima. Akashika pazia. Akafungua bomba la maji moto akarudi nyuma. Kisha akatoa leso zake mbili akazitandaza juu ya kitanda, juu ya kila kitu, shuka hazikuguswa.

Nikamwuliza, "Sasa wewe, na shuka zote hizi?"

Akasema, "Si ni wewe utakayezifua Jumatatu? Lala."

Nililala macho wazi wakuu.

Asubuhi akakunja leso zake, akanyoosha kitanda, akasugua bafu, akafagia mchanga. Kwao mgeni hawaachii wenyeji uchafu. Mkoba wetu akauchukua mkononi, ufunguo tukauacha risepsheni, tukaenda kunywa chai. Nikasema sasa namwambia.

Kabla sijafungua mdomo, redio ya jikoni ikatangaza: mvua imefunga viwanja, ndege za Nairobi haziji pwani leo.

Mhandisi haji! Wakuu, niliongeza mayai mawili. Usiku ni wetu, na kwa ujinga wangu nikadhani na mabati ni yetu. Habari ya kuuza nikaimeza na chai. Tukashinda ukumbini tunawatazama kima wakiibia wageni mkate.

Jioni tukaenda kuomba ufunguo. Musyoka hanitazami.

Ile mvua iliyomzuia mhandisi ilikuwa imezuia pia ndege ya Wajerumani Mombasa isiondoke. Wakarudishwa kwetu na watoto wao, na hoteli mwaka ule ilikuwa imefunga nusu ya vyumba kwa kukosa wageni. Chumba chetu kiliripotiwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa, bafu kavu, hakuna hata begi. Familia imeshalala ndani.

Mama Riziki akasema kwa upole, "Lakini mwanangu, sisi tuna siku mbili."

Musyoka, badala ya kumeza mate, akasema, "Mama, si hiyo ya pili mzee aliiuza?"

Mama Riziki akanigeukia. Akasema, "Ahaa." Basi.

Kurudi nyumbani hakuna, mto umekata barabara. Meneja akasema tulale dobini. Nikamwongoza mke wangu, tope mpaka vifundoni, mpaka kwenye mashine zangu.

Akaangalia rafu. Akavuta shuka nyeupe, akaikung'uta, akaitandaza sakafuni. Akavuta nyingine. Sita, wakuu.

Nikasema, "Mama Riziki, hizo nimezipiga pasi juzi."

"Najua."

Akapanda na miguu yake ya tope, akajinyoosha, akasema, "Jana nilikuonea huruma ya shuka mbili. Wewe hukunionea huruma ya usiku mmoja." Akalala fofofo mpaka asubuhi, mimi nimekaa juu ya ndoo.

Asubuhi akaziacha vururu vararu. Nikazifua. Pesa za mhandisi nikazirudisha, mabati yakabaki dukani.

Nililojifunza: cha watu wawili usikiuze kwa akili ya mtu mmoja, hata kompyuta ikikubali.

Nimemsomea shahidi. Anasema zilikuwa shuka saba.

Haya, nani mwingine humu aliuza kitu cha nyumbani akanyamaza? Semeni, nisiaibike peke yangu.