Mwaka wa Goti, Mwaka wa Kichwa

Wankyo hahesabu miaka kwa tarakimu. Anaihesabu kwa mwili wake, na ukimkalia karibu kidogo atakuonyesha. Atagusa goti: "Hapa nilikuwa na mimba ya Eliud." Atapandisha mkono kiunoni: "Hapa baba yake alikuwa ameshatutoka."

Ndivyo wanawake wa bonde lile, kati ya Butiama na Bunda, wanavyoupima mto wao. Masika yakiisha mto unapungua, unakuwa vidimbwi, na ikifika mwezi wa saba unabaki mchanga mtupu, ng'ombe wanapita katikati kama wako barabarani. Lakini maji hayajaenda mbali, yamelala chini. Kila mwanamke ana shimo lake mchangani, kalizungushia miiba, na analichimba pale pale alipoonyeshwa na mama mkwe wake. Siku maji yanapochungulia, mchimbaji anasimama wima humo ndani, wenzake wanatazama ukingo umemfika wapi, na mwaka unapata jina. Mwaka wa goti. Mwaka wa kiuno.

Mto kukauka si jambo la kushangaza, ulikuwaga unakauka tangu enzi za bibi zao. Kinachomkosesha Wankyo usingizi ni ule ukingo kupanda mwilini. Na haupandi kwa kunyooka. Mwaka wa mvua za elinino ulimshika kifundoni mwa mguu, na juzi juzi ziwa lilipojaa mpaka wauza dagaa wa Mwigobero, ufukweni Musoma, wakahamisha meza zao, ulirudi kiunoni, akacheka msimu mzima. Ila kila ukishuka, baadaye unapanda kupita pale ulipokuwa. Kifua. Kwapa. Halafu shingo.

Eliud, mwanawe, ni fundi pikipiki pale Nyasho, Musoma mjini. Tangu mwaka wa kifua alikuwa akimwomba mama ahamie kwake. Mwaka wa shingo, Wankyo akachoka kuombwa. Akasema mbele za watu: "Siku ukifika mwaka wa kichwa, nitakuja mwenyewe bila kubebwa." Alidhani amemfukuza nzi.

Basi kiangazi cha mwaka jana Eliud akaja na mkewe, Judith. Wakamkuta mama hayupo nyumbani. Mtoni, katikati ya miiba yake, hawakuona mtu, waliona fundo la kilemba tu.

"Mama, uko wapi?" Eliud akaita.

"Niko kwangu," sauti ikajibu kutoka ardhini.

"Naona kichwa kimezama."

"Maji bado. Mwaka haupewagi jina shimo likiwa kavu."

"Sasa ukizidi kuchimba si ndo utazidi kuzama?"

Recho, jirani wa shimo la pili, alicheka mpaka jembe likamtoka mkononi. "Mama Eliud, leo umenaswa!"

"Mto haujashuka hivyo," Wankyo akajitetea. "Mimi ndo nimefupika. Uzee unakula mtu kuanzia juu."

Walicheka wote, naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukuta wa mchanga kama mtu anayeshika mlango usifungwe. Kwenda mjini maana yake ni kuacha ng'ombe, kaburi la mumewe, na shimo hili.

Judith akavua viatu. Ni binti wa Mwigobero, amekulia kwenye dagaa, na Mungu alipompa urefu hakupima. "Toka mama, upumzike." Akashuka, akachimba, kanga kaikunja magotini. Mchanga ukalowa, ukawa tope, maji yakachungulia. Wanawake wakasogea. Judith akasimama wima.

"Bega!" Recho akapiga kigelegele. "Mwaka wa bega!"

"Hiyo si haki!" Eliud akalalamika. "Huyu ni twiga!"

"Twiga wako mwenyewe, si ulimtolea ng'ombe?" Recho akamjibu.

Wankyo angeweza kunyamaza, jambo likaishia hapo. Alilitamani lile bega, Mungu anajua. Lakini akajipangusa mchanga, akasema taratibu, "Bega ni la Judith. Mimi nimefika kichwa, na maneno nilisema mwenyewe. Nitakuja, mwanangu."

Eliud, aliyeshinda, akatazama chini kama aliyeshindwa.

Ni Recho aliyekohoa. "Ila Mama Eliud, si aliyepimwa ndiye mwenye shimo? Hata wewe ulipopimwa mara ya kwanza, mama mkwe wako alikaa pale ukingoni. Na mwenye shimo halitupi. Kila kiangazi analifungua."

"Mimi?" Judith akashtuka mle ndani. "Na nani ataniongoza? Mchanga wenyewe siujui!"

Wankyo akamgeukia Eliud, uso umeanza kuchanua. "Mama mkwe wake, au siyo?"

Hivyo Wankyo amehamia Nyasho kweli. Ng'ombe anao shemeji yake, Machage. Mvua zikinyesha anakaa mjini, analalamika kwamba maji ya bomba hayana hata harufu ya mto. Lakini mwezi wa saba mwaka huu yeye na Judith walifunga mizigo, na Eliud akawasindikiza stendi, amebeba jembe alilolinoa mwenyewe.

"Watu wanakimbia ukame, nyie mnaupandia basi," akanung'unika. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Mama, na siku ukingo ukifika kichwa cha Judith?"

Wankyo akampima mkamwana wake kuanzia kisigino mpaka utosini, polepole, kama anayechagua mtamba mnadani.

"Bado nafasi ipo," akasema, akapanda basi.