Mtu wa Karani Aliyekufa kwa Vitabu Viwili

Kwa miaka sita nimecheza mchezo ambao mama yangu, mpaka leo, anaamini ni kamati ya shule. Nilimwambia kwamba kila Jumapili alasiri tunakutana watu wanne, tunakaa mezani na karatasi zetu, na kila mmoja anaeleza amefikia wapi. Hayo yote ni kweli. Sikumwambia tu kwamba pale mezani mimi ni mchawi, na kwamba nina uwezo wa kuwachoma watu watatu kwa radi moja.

Tulichezea nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Kilwa Masoko, katikati ya mabati na mifuko ya saruji. Mwenye duka ndiye aliyekuwa msimulizi wetu. Ukoo wake wa Kihindi umeuza misumari pale tangu enzi za babu yake. Alipokwenda kusoma nje, wazazi walitarajia arudi na uhasibu. Akarudi na kitabu kinene na kifuko cha dadu zenye nyuso nyingi. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Yeye anasimulia: mmefika mtoni, daraja limekatika. Sisi kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini. Kisha anarusha dadu kuona kama kafanikiwa au kaumia. Kitabu ndicho kinachosema namba ipi ni nzuri na ipi ni balaa.

Wachezaji tulikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, ambaye kwa miaka thelathini aliandika hukumu za watu wengine na tangu astaafu anatafuta pa kutolea zake. Tulimwita Mheshimiwa. Hakuwahi kuwa hakimu, lakini hakuwahi kutusahihisha pia. Mtu wake alikuwa askari wa upanga. Wa pili alikuwa mkulima wa korosho na ufuta kutoka Tingi, aliyekuja kwa pikipiki yake na mzaha wake. Wa tatu mimi, mwalimu wa Jiografia. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na ni mimi niliyekitafsiri chote kwa mkono, kaunta buku nne, nikimchagulia kila jini na kila silaha neno lake. Naomba msomaji alikumbuke hilo atakaponiona hapo mbele najifanya nina hoja za kimsingi.

Jumapili moja mwenye duka akaweka kitabu kipya mezani.

"Toleo jipya," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto. "Wamebadilisha sheria kidogo tu."

Kidogo! Kitabu cha zamani kilisema mtu akiishiwa nguvu amekufa, basi, chana karatasi yake. Kipya kilisema mtu akiishiwa nguvu anaanguka tu, kisha anarusha dadu ya nyuso ishirini mara tatu. Akipata kumi na moja au zaidi walau mara mbili, anapona. Halafu kulikuwa na ukurasa wa uchawi. Radi sasa ilipiga mtu mmoja.

Mkulima alisoma ukurasa wa kifo akasimama. Miaka mitatu nyuma, mtu wake wa kwanza, mpiga mieleka, alikamatwa na mamba akivuka mto, na sote tulimhurumia isipokuwa Mheshimiwa, aliyesema, "Kifungu kiko wazi. Marehemu ni marehemu." Mkulima hakuichana ile karatasi. Aliikunja akaitia mfukoni, na tangu siku ile alicheza na mwindaji asiye na mvuto wowote.

"Kwa hiyo mtu wangu alikufa bure," akasema.

"Alikufa kihalali," Mheshimiwa akamjibu.

"Alikufa kwa kitabu ambacho waliokiandika wenyewe wamekikana!"

"Sheria hairudi nyuma, bwana mdogo. Ukifungwa leo, sheria ikabadilika kesho, gerezani hutoki."

"Mimi sikuiba kuku, Mzee. Niliumwa na mamba."

Wiki ile nzima kundi letu la WhatsApp halikupumua. Mheshimiwa alituma ujumbe wa sauti wa dakika tisa kuhusu heshima ya maandiko ya awali. Mkulima alijibu kwa picha ya karatasi ya mpiga mieleka, imekunjuliwa juu ya gunia la korosho kama maiti inayosubiri kuswaliwa. Mwenye duka alituma alama za kucheka, kisha akazifuta.

Na mimi? Muhula ule ule shuleni tulikuwa tumeletewa mtaala mpya. Nilisimama mbele ya walimu wenzangu nikawaambia kwamba mabadiliko ni sehemu ya kazi, na anayelalamika ni mvivu wa kuandaa masomo upya. Nikarudi nyumbani, nikawaandikia wachapishaji wa mchezo barua pepe ya kurasa mbili kwa Kiingereza changu chote, nikiwashutumu kwa kusaliti imani ya wachezaji waaminifu. Majibu yalikuja ndani ya dakika moja. Walinishukuru kwa kuwasiliana nao, wakanitangazia seti ya kadi. Niliyasoma mara tatu nikimtafuta binadamu ndani yake.

Jumapili ya kwanza ya sheria mpya, Mheshimiwa alikuja, ila aliomba iandikwe kwamba amehudhuria akiwa hajaridhika. Mwenye duka akaandika kwenye kipande cha boksi la misumari. Tukaanza. Tulikuwa tunapanda ngazi za ngome, askari wa Mheshimiwa akiwa mbele kama kawaida yake, akitukana walinzi. Mshale ukampata shingoni. Mwenye duka akapiga hesabu, akarudia, kisha akasema taratibu, "Mheshimiwa, nguvu zimekwisha."

Nje mtu alikuwa anaulizia bawaba. Mkulima akainamia meza, na kwa adabu zote akasema, "Mzee, kwa kitabu chako wewe, tukachimbe kaburi."

Mheshimiwa alizitazama dadu. Sijapata kumwona mtu akiitamani dadu namna ile. Kisha akavua miwani.

"Naomba shauri liahirishwe."

Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa na hoja za maandishi, zimechapwa, aya zimepewa namba, nakala moja kwa kila mmoja wetu. Kwa kifupi zilisema hivi: ni kweli yeye hakuzitambua sheria mpya, lakini kikao kilifanyika chini ya sheria hizo, kwa hiyo mshale uliompiga ulikuwa mshale wa toleo jipya, na jeraha la toleo jipya haliwezi kutibiwa kwa toleo la zamani. Zilikuwa kurasa nne. Nilizisoma kwa wivu.

Mkulima aliuliza swali moja tu. "Na mamba wangu?"

Mheshimiwa alizipanga upya kurasa zake nne. "Mamba," akasema hatimaye, "anaweza kutazamwa upya."

Mwenye duka, mikono ina rangi ya mafuta mpaka kwenye viwiko, akatoa hukumu: wote wawili warushe. Mkulima akaanza. Kumi na nne. Tatu. Kumi na saba. Mpiga mieleka akafufuka, na mwenyewe akaruka kwa furaha akagonga kichwa kwenye mabati, duka zima likalia.

Ikawa zamu ya Mheshimiwa. Alivua saa, akapandisha mikono ya shati, akasema Bismillahi. Nne. Akarusha tena: kumi na sita. Mara ya tatu dadu ilibiringika hadi ukingoni mwa meza, ikaanguka, ikagonga mfuko wa saruji, ikatulia sakafuni. Tuliinama sote kuiangalia. Tisa.

"Amekufa kwa vitabu vyote viwili," mkulima akasema, kwa sauti ya chini, wala hakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye niliyecheka. Nilicheka kwa sababu radi yangu ilikuwa imepunguzwa na nilitaka mtu mwingine aumie zaidi yangu. Mheshimiwa akakunja miwani, akatoka, nakala za hoja akaziacha mezani.

Hakuja Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata tena. Kwenye simu hakupokea. Ndipo mkulima, mtu pekee aliyekuwa na haki ya kufurahi, akasema twende nyumbani kwake. Tulikwenda watatu, Jumamosi asubuhi, na kilo mbili za korosho. Mkewe alitupokea barazani, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akinitazama usoni kwa wasiwasi.

"Sasa niambieni nyie. Nani kafa?"

Tukatazamana.

"Wiki ya tatu hii mume wangu hasemi, hali vizuri. Nikimuuliza anasema amempoteza mtu. Nimempigia dada yake Lindi, mzima. Nimempigia mpwa wake Somanga, mzima. Niambieni kama ni siri, nitavumilia."

Mwenye duka alijikaza akaeleza. Alieleza askari, ngome, mshale, na kila alivyozidi kueleza ndivyo tulivyozidi kuwa wapumbavu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni karatasi."

"Ni karatasi, mama."

"Mama yake mzazi alipofariki, siku ya nne alikuwa ofisini," akasema. "Nikajua ana moyo mgumu." Aligeukia mlangoni akapaza sauti, "Wewe, toka! Wafiwa wenzio wamefika."

Mheshimiwa akatoka na kanzu yake, akaketi. Mkulima akaanza.

"Mzee, mamba aliponichukulia wangu, nilikwenda nyumbani nisile. Mke wangu akadhani malaria, akanipeleka kupima."

"Hukusema."

"Ningesemaje? Mtu mzima mimi."

Mheshimiwa akachukua korosho moja, akaitazama kama ushahidi. "Yule mpiga mieleka," akasema, "alikuwa mtu wa maana." Sijamsikia akikaribia kuomba radhi zaidi ya hapo, siku ile wala baadaye.

Mama alituletea chai. Akaniuliza, "Na wewe mwalimu, nawe una marehemu?"

"Hapana, mama. Mimi radi yangu imepunguzwa."

"Pole," akasema, na nadhani alimaanisha.

Mheshimiwa alirudi mezani na mtu mpya, mganga wa mitishamba, na nakala yake binafsi ya toleo jipya, imefunikwa kwa karatasi ya kaki. Kufikia Jumapili ya pili alikuwa anamtajia mwenye duka namba za kurasa, na kusema kwamba kitabu cha zamani, kwa kweli, kilikuwa na mianya. Mkulima alimcheza mpiga mieleka wake kwa majuma mawili, kisha akamstaafisha. Alisema anachosha. Kwa miaka mitatu alimlilia mtu ambaye, alipopewa, hakujua amfanyie nini, akamrudia mwindaji wake. Mimi nilinunua kaunta buku mpya nikaanza kutafsiri upya, na nilipofika ukurasa wa radi niliandika kwamba inapiga watu wawili. Si watatu, nina aibu zangu. Mheshimiwa, ambaye siku hizi anasahihisha hata mikato yangu, aliupita ukurasa ule bila neno.

Mke wa Mheshimiwa alikuja mwezi uliofuata, kuona kinachomchukua mumewe kila Jumapili. Tulimpa karatasi, akawa mwanamke msafiri mwenye fimbo. Hakutaka kusikia habari za matoleo. Mwenye duka akamsimulia: umefika kwenye lango, kuna jitu kubwa limekaa, lina shoka.

"Namwamkia," mama akasema. "Namuuliza kama amekula."

Mwenye duka akafungua kitabu kipya, akafungua na cha zamani, akapekua pande zote mbili. Hakukuta kifungu.

"Arushe dadu," Mheshimiwa akasema.

"Ya nini?" mkewe akamuuliza. "Nimemsalimia tu."