Mayai Ndani ya Kabati la Televisheni

Siku hizi mtu wa Eastlands, Nairobi, huagiza mayai ya kutotoa kwa simu, akiwa amejilaza kitandani. Katika miaka ya tisini baba yangu aliyaagiza kwa barua, baada ya kuona tangazo dogo gazetini, chini kabisa, kati ya viwanja na magari makuukuu. Hakumjua muuzaji wala hakuwahi kuwaona kuku wenyewe. Mama alisema hajapata kusikia mtu anaposa kwa gazeti, na sasa amesikia.

Mayai yalifika mjini kwa basi, thelathini, yamefukiwa kwenye maranda ndani ya katoni ya sabuni. Mawili yalikuwa yamepasuka. Baba aliyapakata njia nzima hadi Jericho, mtaani kwetu, akayapumzisha siku mbili juu ya kabati la vyombo, nasi tukaanza kunyata ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mwaka huo serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na baba, karani wa miaka mingi, alikuwa amepunguzwa. Wenzake walifunga virago mmoja mmoja wakarudi mashambani. Mama alitaka nasi turudi magharibi. Nyanya, mama yake mzazi, alikuwa mgonjwa wa miguu na aliishi peke yake, na kwao ni ng'ambo tu ya mto kutoka kijijini kwa baba. Baba hakutaka kuonekana kijijini akishuka na masanduku bila kazi. Walibishana wiki kadhaa kwa sauti ya chini, kama watu wa dini, mpaka baba akatoa uamuzi mbele ya mama na mbele yangu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikaa tu nyumbani nikingoja matokeo.

"Vifaranga wakitoka, tunabaki Nairobi nifuge kuku," alisema. "Wasipotoka, Desemba tunarudi nyumbani sote."

Mama akasema, "Sawa." Mimi nilitaka watoke. Sikuwa na nia hata kidogo ya kwenda kuchuma chai.

Mashine ya kutotolea mayai baba aliitengeneza mwenyewe. Aliitoa televisheni kwenye kabati lake la mbao, lile la vilango viwili na miguu minne, akatia humo balbu mbili, bakuli la maji na kipimajoto. Televisheni ikawekwa sakafuni, nasi tukawa tunairuka. Kila yai alilitia alama kwa penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Mara tatu kwa siku aliyageuza, misalaba yote juu, kisha maduara yote juu, maana yai lisipogeuzwa kifaranga hugandamana na ganda akafia humo. Ndivyo ilivyosema karatasi ya maelekezo iliyokuja na mayai, na baba aliiamini kama alivyoamini waraka wa ofisini.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Kanisa letu linashika Sabato, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame tena kesho yake, kwetu hakupikwi, hakufuliwi, hakupigwi pasi. Sasa, kugeuza mayai ni kazi au si kazi? Baba alilifikiria swali hilo siku nne, akaamua ni kazi. Akapanga kumwomba jirani aje ayageuze, mke wa mchongaji vinyago kutoka Ukambani, ambaye kanisa lake ni la Jumapili. Mama akamkumbusha kwamba amri inamhusu hata mgeni aliye nyumbani mwako. Sikujua kama alisema hivyo kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya nyanya, na baba hakuuliza. Ijumaa ya kwanza, jua likielekea kuzama, tulilifunika kabati kwa blanketi, tukalibeba sisi watatu hadi mlango wa tatu, tukachomeka waya kwa jirani, ili kazi ifanyike nyumbani kwake na si kwetu.

"Nyinyi mko na sheria kushinda askari wa kanjo ya jiji," jirani alisema huku akisogeza meza. "Haya mzee, wekeni hapo. Nitazigeuza kama chapati."

Ijumaa ya pili jirani na mumewe walipata habari ya msiba, wakaondoka asubuhi kwenda Machakos. Hatukuwa na mwingine wa kumwomba. Baba aliyageuza mayai mara ya mwisho jua likiwa juu ya mapaa, misalaba juu, akafunga vilango na kunawa mikono. Kesho yake kanisani aliongoza mafunzo bila kosa, ila aliitazama saa kuliko mtu yeyote mle ndani. Baada ya chakula cha mchana mama alisema kichwa kinamuuma, akatangulia nyumbani kwa miguu. Sisi tulikaa hadi kipindi cha jioni kikaisha.

Jua lilipozama baba alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, hata koti hajavua. Alifungua vilango, akainama. Maduara yalikuwa juu, yote ishirini na manane.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

Mama alikuwa jikoni akiwasha jiko, ametupa mgongo. Baba alikuwa mtu wa kumkemea muumini aliyenunua hata kiberiti siku ya Sabato. Alifunga vilango taratibu, akavua koti, akasema ana njaa.

Sabato ya tatu haikuwa na shida, kwa kuwa siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi. Kesho yake Jumapili, siku ya ishirini na moja, vifaranga kumi na tisa walikuwa wametoka, wamelowa na wana sura mbaya. Baba alilia. Mimi nilifurahi mno, na sioni sababu ya kuficha. Mama aliwatazama kidogo, akaniletea karatasi na kalamu, akaniambia nimwandikie nyanya kwamba hatuji.

Nilimuuliza, baba akiwa nje, "Mama, na ulitaka twende. Mbona uliyageuza?"

"Ningeyaacha yafe, ningekaa na baba yako kule nyumbani kila siku nikijua ni mimi," alisema. "Andika."

Nikaandika. Nyanya alifariki kabla hatujaenda kumwona. Mama alikwenda kumzika, akarudi Jericho, na asubuhi yake nikamkuta uani akiwachanganyia kuku chakula.

Baada ya miaka mingi nami nilinunua mashine, ya dukani, nikasoma kijitabu chake chote. Kinasema mayai ya wiki ya pili yakikosa kugeuzwa siku moja tu, kwa kawaida vifaranga hutoka vilevile. Mama angali hai, na bado anashika Sabato. Sijamwambia.