Siku ya mtihani, mgonjwa wangu aliondoka na mguu niliomtengenezea

Wakuu, heshima kwenu wote. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi, na mpaka leo nikiyakumbuka nacheka peke yangu barabarani watu wananishangaa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasomea viungo bandia kwenye chuo kikuu kimoja cha serikali huko mikoani. Mjomba wangu alikuwa anawaambia watu nasomea useremala.

Mwaka wa mwisho nikapangiwa field hospitali ya Kilosa. Mgonjwa wangu wa mtihani akawa Mzee Lekei, mfugaji wa Kimasai, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya kuumwa na nyoka. Nikamtengenezea mguu kwa mikono yangu hii. Tukafanya mazoezi kwenye sakafu ya wodi mpaka akanichoka, nikamruhusu aende nao nyumbani auzoee.

Siku ya mtihani Madam, mwalimu wetu, katoka chuoni kuja kunipima, mama mkali huyo, darasani kwake hata kukohoa tulikuwa tunaogopa. Mimi nimepiga pasi koti jeupe, nang'aa. Mzee hayupo!

Mchana akaja mkewe, katulia kabisa.

"Mzee ameenda na ng'ombe upande wa Mikumi tangu juzi, huku majani yameisha. Amesema mguu umekubali."

Wakuu, nikaanza kupiga hesabu. Bila mgonjwa hakuna mtihani, maana yake narudia mwaka. Na enzi zile za kuchangia gharama, nyumbani wasingeuweza mwaka mwingine.

Madam akaniangalia. "Mimi nalala Mikumi leo. Panda gari, umtafute njiani."

Vumbi lile! Kila kundi la ng'ombe nachungulia miguu ya wachungaji, nyuso sina habari nazo.

Karibu na Mikumi, huyu hapa! Anamfukuza ndama, karuka mtaro na mguu ule ule! Madam akashuka na viatu vyake vya kisigino, karatasi ya maksi mkononi.

"Shikamoo mzee! Simama kidogo tukupime!"

"Marahaba mama. Na ng'ombe nao watasimama?"

Hakusimama. Ikabidi Madam amfuate mbio kwenye majani, anauliza kama mguu unabana, mzee anajibu bila kugeuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alirudi anahema, akajaza maksi juu ya boneti.

"Umefaulu," akasema, kisha naye akaangua kicheko. Sijawahi kufurahi vile, nilimkumbatia hadi dereva.

Nikapaza sauti: "Mzee, tumefaulu!"

Akajibu kwa mbali, fimbo juu: "Mimi nilifaulu juzi!"

Tangu siku hiyo siiamini kazi yangu mpaka mgonjwa mwenyewe aende nayo kwenye mihangaiko yake, sakafu ya wodi inadanganya. Haya, mliosoma kada za afya, wagonjwa wenu wa mtihani waliwafanyia nini? Shusheni hapa tucheke wote.