Harufu ya Rehema kwenye Gari Langu

Nichekeni tu, hata mie nimejicheka. Nilipopona kiharusi, mke wangu Rehema alikuwa ameshahama Kimara, yuko kwa dada yake Mbezi Beach. Simfichi mtu: aliyemjaza maneno ni binamu yangu Shabani, ambaye hadi leo huja kuazima gari langu kila Jumapili.

Juzijuzi nikaanza kusikia harufu tamu upande wa abiria. Nikajua tu, Shabani anamzungusha Rehema humu. Kioo kikiingia ukungu, nasema hizo pumzi zao. Hasira ninazo, lakini jioni nafunga vioo, nakaa humo naivuta ile harufu mpaka machozi yananitoka.

Mwisho nikawaita wote wawili gereji, Vingunguti, niwaumbue mbele ya watu.

"Nusa, fundi! Halafu wakane!"

Fundi Mponda akafunua kapeti. Lilikuwa limelowa, maji ya kijani yakamchuruzika vidoleni.

"Braza, hii kulanti, maji ya kupoza injini, ndiyo inayonukia tamu. Kile kirejeta kidogo cha hita, nyuma ya dashibodi, kimetoboka. Nikibadilishe, au niunganishe mipira tukiruke? Dar hii nani anawasha hita?"

"Subiri," nikasema bila kufikiri. "Ukikitoa, harufu itaisha?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Shabani alicheka mpaka akakalia tairi. Rehema hakucheka. Aliinama, akanusa kapeti, akaniangalia.

"Baba Zuwena, miaka yote ile mie nilikuwaga nanukia hivi?"