Gazeti la Shangazi na Ngoma Mbili

Nikimenya chungwa hata leo naikumbuka meza yetu, na gazeti ambalo shangazi alilitandaza kati ya maganda. Alikuwa atupeleke Nairobi, mimi na dada, tuone onyesho moja tu. Kulikuwa na baleti, ile dansi ya Kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole, na kulikuwa na ngoma za Kikamba.

Dada alitaka baleti. Mimi nilitaka ngoma, lakini baba alikuwa mzee wa kanisa na ngoma aliziita mambo ya mapepo. Nikasema baleti. Dada hakunilazimisha, ulikuwa woga wangu.

Baba akavuta gazeti, akaitazama picha ya baleti. "Huyu msichana mbona mguu uko juu ya kichwa? Na nguo iko wapi?"

Niliona safari imekufa.

"Basi kaka, waende ngoma," shangazi akasema. "Hao wamejifunika. Ama umesahau mama yetu akizicheza?"

Baba akalirudisha gazeti mezani. Labda sikumbuki sawasawa, lakini mabega yake yalitikisika kidogo, mara mbili, vile wachezaji hufanya.

"Waende," akasema. Nikapumua. Dada alinuna, na alikuwa na haki.

Kisha baba akamgeukia shangazi. "Tiketi za watu wazima, bado ziko?"